Siku moja katika kasri la mfalme 'mwendawazimu'

HUENDA umeliona hata kama hujawahi kukanyaga Ulaya. Limo katika kalenda zinazotundikwa sebuleni na kwenye majalada ya madaftari ya watoto: kasri jeupe lenye minara iliyochongoka, limekaa juu ya jabali, misitu imelizunguka na nyuma yake imejipanga milima ya Alps. Mtoto akilitazama atakuambia ni la filamu za Disney. Hajakosea sana, kwani lile kasri lililojengwa Disneyland kule California mnamo 1955 lilibuniwa kwa kuigwa hili.

Jina lake ni Neuschwanstein. Liko kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, karibu kabisa na mpaka wa Austria. Kutoka jiji la Munich ni kilomita 120 hivi.

Siku hizi si ajabu Mkenya kujikuta Munich. Wako vijana wetu wanaosoma huko, wako wanaojifunza uuguzi, na mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba kuhusu wafanyakazi wanaohamia huko. Basi tuseme, msomaji, kwamba umekwenda kumtembelea bintiyo. Mmebakiwa na siku moja tu kabla ya kurudi Nairobi. Nyanya wa watoto mko naye, na magoti yake si ya kutegemewa. Bintiyo anasema, "Mama, tusiondoke bila kuona kasri."

Swali la kwanza litakuwa la pesa.

Njia ya bei nafuu ni garimoshi. Kutoka stesheni kuu ya Munich hadi mji wa Füssen ni saa mbili hivi, kisha unapanda basi kwa dakika kumi na kushukia kijiji cha Hohenschwangau, kilicho chini ya kasri. Iko tiketi ya siku moja, Bayern-Ticket, ambayo watu hadi watano huweza kusafiria pamoja, na kila anayeongezeka huongezewa pesa kidogo tu. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, lakini Jumamosi na Jumapili hutumika tangu usiku wa manane. Mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi na aende kwa njia hii wala asimwonee mtu wivu. Kasri ni lile lile.

Njia ya pili ni kukodi gari pamoja na mwongozaji wa watalii ambaye pia ndiye dereva. Huwachukua mlangoni asubuhi na kuwarudisha jioni. Gharama yake ni mamia ya yuro, ingawa aghalabu hutozwa kwa gari zima wala si kwa kila kichwa. Mkiwa watu sita, gharama hiyo huanza kupata akili. Mkiwa wawili, fikirieni mara mbili.

Lakini kabla hujatoa pesa, kuna jambo ambalo ni sharti ulijue. Mwongozaji wako, hata awe hodari vipi, hatakuongoza ndani ya kasri. Humo huongoza wafanyakazi wa kasri lenyewe peke yao, kwa Kijerumani na Kiingereza, na ziara nzima huchukua nusu saa tu. Yule uliyemlipa utamwacha nje.

"Sasa namlipia nini?" utauliza.

Unamlipia mambo matatu: saa, magoti ya nyanya, na hadithi.

Tuanze na saa. Kila tiketi ya Neuschwanstein imeandikwa dakika utakayoingia. Ukichelewa, kundi lako huingia bila wewe na tiketi yako haina kazi tena. Wakati wa kiangazi watu wanaweza kufika 6,000 kwa siku, hivyo usisubiri kununua ukifika. Nunua mapema kwa intaneti. Mtu mzima hulipa karibu yuro 20. Wasiotimiza miaka 18 huingia bure, lakini hata wao lazima wawe na tiketi yenye saa. Tena usipande mlima ukidhani utanunua langoni. Langoni haziuzwi, kituo cha tiketi kiko kijijini. Ukikodi mwongozaji, muulize waziwazi kama tiketi za kasri zimo katika bei yake au ni juu yako. Wengi hawauliliza wakajuta.

Halafu magoti. Kutoka kijijini hadi kasri ni kupanda kwa miguu kwa dakika 30 au 40. Lipo gari la kuvutwa na farasi, na lipo basi dogo, lakini hakuna hata kimoja kinachokufikisha mlangoni. Farasi hukuacha chini kidogo ya kasri, nawe unamalizia mlima. Basi hukuacha juu, karibu na daraja la Marienbrücke, nawe unateremka kwa dakika 10 au 15. Barabara ikiwa na theluji au barafu, basi haliendi kabisa. Na ukishaingia ndani, jumla ya ngazi za kupanda na kushuka ni zaidi ya 300. Mwenye kutumia kiti cha magurudumu anaweza kupata lifti, lakini sharti aombe mapema. Mabegi makubwa na vigari vya kusukumia watoto haviruhusiwi ndani, kwa hivyo mtoto mchanga mfunge kifuani.

Mwongozaji mzuri huyapanga haya yote kabla hujaamka. Atakuambia nyanya ashike gari la farasi, ninyi wengine mpande basi, na mkutane wapi.

Sasa tuje kwenye hadithi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili pesa zako. Ukiingia kasri hili bila kuijua, utaona dhahabu na michoro, utapiga miayo, utatoka. Ukiijua, hutaisahau nusu saa hiyo.

Mwenye kasri alikuwa Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria, aliyezaliwa tarehe 25 Agosti 1845. Ukiwa pale kijijini utaona kasri jingine, la manjano, kwenye kilima cha jirani. Hilo ndilo Hohenschwangau, ambako babake alimlea. Kuta zake zimejaa michoro ya mashujaa wa kale, akiwemo yule shujaa aliyekuja kwa mashua iliyovutwa na batamaji. Kijana alikua akiitazama michoro hiyo. Alipokuwa na miaka 15 alipelekwa kuona mchezo wa nyimbo wa Richard Wagner, Lohengrin, unaosimulia kisa hicho hicho cha batamaji. Moyo wake ulitekwa tangu siku hiyo.

Mnamo 1864 babake akafa. Ludwig akawa mfalme akiwa na miaka 18, na karibu jambo la kwanza alilofanya ni kumwita Wagner na kumlipia madeni.

Miaka miwili baadaye Bavaria, ikiwa upande wa Austria, ilishindwa vitani na Prussia. Mnamo 1871 ikamezwa na dola mpya ya Ujerumani. Ludwig akabaki na taji, lakini mamlaka makubwa yalikwenda Berlin. Mfalme aliyenyimwa ufalme wa kweli alijitengenezea wa kwake, wa mawe na rangi. Jiwe la msingi la kasri hili liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869. Aliyelichora mwanzoni, Christian Jank, hakuwa mjenzi bali mchoraji wa mandhari za jukwaani, na ndiyo sababu hadi leo linaonekana kama pazia la nyuma la mchezo wa kuigiza.

Usidanganywe na minara hiyo, msomaji. Hii si ngome ya kale. Fort Jesus yetu ya Mombasa, ambayo ilianza kujengwa mnamo 1593, ina umri wa karibu karne tatu zaidi. Na ngome ya Mombasa ilipigana vita vya kweli. Hili halikujengewa vita yoyote. Mawe yalipandishwa kwa mtambo wa mvuke. Ndani mliwekwa mfumo wa hewa moto wa kupasha vyumba joto, maji ya mferejini, vyoo vya kuvuta maji, kengele za umeme za kuwaitia watumishi na hata simu. Mfalme alitaka kuishi katika hadithi za kale, lakini hakutaka kuoga maji baridi.

Pesa hizo hazikutoka hazina ya serikali. Zilikuwa zake na za kukopa. Kufikia 1885 madeni yake yalikuwa marki milioni 14, na bado alikuwa na michoro ya majumba mengine. Mawaziri waliona hatari. Mnamo Juni 1886 madaktari wanne wa magonjwa ya akili, wakiongozwa na Dkt Bernhard von Gudden, walitia saini hati ya kusema kwamba mfalme ni mwendawazimu asiyeweza kutawala. Walifanya hivyo bila kumpima. Waliegemea ushahidi uliokusanywa kutoka kwa watumishi na watu wengine.

Ujumbe wa kwanza ulipokuja kumkamata hapo Neuschwanstein usiku, wazimamoto na wakulima wa vijiji vya karibu walikuja kumlinda mfalme wao, naye akawatia mbaroni wajumbe hao. Lakini ami yake, Luitpold, alikwisha kutangazwa kuwa mtawala mahali pake. Tarehe 12 Juni ujumbe wa pili ukamtoa Ludwig kasrini na kumpeleka Berg, kando ya Ziwa Starnberg. Jioni ya tarehe 13 Juni alitoka kutembea ufukoni pamoja na Dkt Gudden. Hawakurudi. Usiku huo walikutwa majini, wote wawili wamekufa. Mfalme alikuwa na miaka 40.

Wiki saba baadaye, tarehe 1 Agosti 1886, kasri ambalo hakutaka mgeni alikanyage lilifunguliwa kwa yeyote mwenye kulipa kiingilio. Hata jina la Neuschwanstein lilipewa baada ya kifo chake.

Sasa, ukiwa na hayo moyoni, ingia.

Ukumbi wa Enzi una dari refu kama la kanisa, taa kubwa iliyoundwa kwa umbo la taji, na sakafu ya vijiwe karibu milioni mbili vilivyopangwa kuwa wanyama na mimea. Tazama mbele, pale kwenye ngazi za marumaru nyeupe. Hapana kiti. Mfalme alikufa kabla hakijatengenezwa, na hakuna aliyekitengeneza tena.

Chumba cha kulala kina kitanda kilichonakshiwa kwa mbao kama minara ya kanisa. Inasemekana wachongaji 14 walikishughulikia chumba hicho zaidi ya miaka minne. Hapa bintiyo atatamani kupiga picha. Haruhusiwi, ni marufuku kote ndani. Kati ya sebule na chumba cha kufanyia kazi kuna pango la kutengenezwa na binadamu, na watoto ndipo hufumbua macho. Juu kabisa ni Ukumbi wa Waimbaji, uliojengwa kwa heshima ya hadithi za Wagner. Wagner alikufa mnamo 1883 bila kuliona kasri, na Ludwig mwenyewe hakusikia hata tamasha moja humo. La kwanza lilifanywa mnamo 1933.

Vyumba vilivyopangwa vilikuwa zaidi ya 200. Vilivyomalizika na kupambwa ni 15 hivi. Hata siku alizoishi humo, ukizijumlisha, hazifiki miezi sita.

Ukitoka, panda hadi Marienbrücke ikiwa halijafungwa kwa sababu ya barafu. Ni daraja la chuma lililo mita 90 hivi juu ya korongo la mto Pöllat, na hapo ndipo picha zile za kalenda nyingi hupigwa. Anayeogopa kimo abaki na nyanya.

Kwa kuwa gari ni lenu, ombeni pia kupitia Linderhof, kasri dogo zaidi la Ludwig, na la pekee kati ya makubwa aliyoyaona yamekamilika. Mengi ya matembezi haya hulianza asubuhi. Humo kuna meza ya chakula iliyoteremshwa hadi jikoni, ikaandaliwa, ikapandishwa tena, ili mfalme ale bila kuona uso wa mtumishi. Mnamo Julai 2025 Unesco iliyaingiza makasri yake manne, Neuschwanstein na Linderhof yakiwemo, katika orodha ya turathi za dunia.

Ikiwa mna muda jioni, mwambieni mwongozaji asimame Berg. Kuna msalaba umesimama ndani ya maji, hatua chache kutoka ufukoni, pale ulipopatikana mwili wa mfalme. Maji ya hapo si ya kina kirefu, na Ludwig alikuwa mtu mrefu aliyejua kuogelea vizuri. Wako wasemao alimuua daktari kisha akajiua. Wako wasemao alipigwa risasi akitoroka. Wako wasemao moyo ulisimama kwa baridi ya ziwa. Muulizeni mwongozaji wenu naye anasemaje. Kutoka hapo hadi Munich ni nusu saa hivi, na hamtayamaliza mabishano hayo garini.