Umeme Mdogo Nao Wadai Nidhamu

Katika kambi na vituo vyetu wamo askari wengi ambao, baada ya zamu, hujifunza ufundi wa redio na kuunda taa ndogo, vikuza sauti na ving'ora vya milango. Juhudi hiyo twaisifu. Lakini vyombo vingi vya namna hiyo huungua siku ya kwanza, kwa sababu muundaji hakuujua umeme aliokipa chombo chake.

Mwenye adapta na asome kwanza maandishi yake. Volti sharti zilingane na zinazotakiwa na chombo. Ampea zaweza kuzidi, maana chombo huvuta kadiri ya haja yake. Zikipungua, adapta hupata moto. Tena itazamwe alama ya chanya na hasi, kwani plagi mbili zilizo sawa kwa umbo zaweza kuwa kinyume kwa umeme.

Hata hivyo, maandishi hayatoshi. Adapta za zamani zenye transfoma nzito, zisizo na kidhibiti, huandikwa volti 12, nazo zikipimwa bila mzigo zaweza kutoa 16 au zaidi. Basi mita itangulie, chombo kifuate.

Tutoe mfano wa redio ya volti 6 inayovuta nusu ampea, itumiayo betri ya gari. Injini ikizunguka, betri hiyo hufika volti 14 hivi. Kidhibiti cha miguu mitatu, namba 7806, hutoa volti 6 thabiti. Volti 8 zilizosalia, mara nusu ampea, ni wati 4 za joto. Kwa hiyo kidhibiti kikazwe kwa skrubu juu ya bati la alumini. Fyuzi ya ampea 1 iwekwe katika waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Volti 12 hazitishi mkononi, lakini ncha za betri zikigusana hutoka mamia ya ampea, na waya huwaka kama utambi.

Adapta yenyewe isifunguliwe kamwe. Ndani ya chaja za siku hizi, kapasita inayopokea umeme wa volti 240 yaweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Askari aliyefunzwa huihesabu kila bunduki kuwa ina risasi mpaka aikague. Waya nao tuuhesabu kuwa una umeme mpaka tuupime; katika mabweni yetu wamelala wenzetu, na katika nyumba za kambi, watoto wetu.