Hakuna Aliyeiba Wimbo wa Taifa

Tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars na Zambia walipopanga mstari uwanjani San-Pédro, Ivory Coast, kwenye mashindano ya AFCON, banda umiza tulilojazana Kilindoni, Mafia, lilipiga kelele hata mpira haujaguswa. Zilipigwa nyimbo mbili za taifa, mahadhi yale yale. Kijana aliyekaa mbele yangu akageuka: "Mwalimu, hawa wametuibia wimbo?" Nikamjibu. Wiki haikuisha, ndani ya boti ya Nyamisati, mama mmoja akaniuliza kinyume chake: eti ni kweli sisi ndio tuliowaibia Afrika Kusini? Nikamjibu naye. Tangu hapo nimeulizwa darasani, nimeulizwa harusini, nimeulizwa msibani kabla maiti haijatoka ndani. Leo naandika, kwa sababu nimechoka kujibu swali ambalo ni bovu tangu neno lake la kwanza.

Tumtazame huyo anayedaiwa kuibiwa. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo huu, ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa, waimbe wanafunzi wake. Hakutunga wimbo wa taifa. Nchi iitwayo Afrika Kusini haikuwepo hadi mwaka 1910. Mwaka 1899 wimbo ukaimbwa hadharani kwenye ibada ya kumsimika mchungaji. Mwaka 1905 Sontonga akafariki. Kwaya ya shule ya Ohlange, shule ya John Dube, ikauchukua na kuuzungusha, na tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa Bloemfontein, wimbo huo ukafuata dua ya kufunga mkutano. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje akaurekodi London. Mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba, zikachapishwa mwaka 1927.

Sasa hesabu mwenyewe. Tanganyika iliufanya wimbo wa dola tarehe 9 Desemba 1961. Wakati huo ANC ilikuwa imepigwa marufuku kwao tangu mwaka 1960, na dola ya Makaburu ilikuwa na wimbo wake mwingine kabisa. Dola ya Afrika Kusini haikuukubali hadi mwaka 1994, na mwaka 1997 ikauunganisha na ule wa Makaburu ukawa wimbo mmoja wa lugha tano. Yaani sisi tulisimama wima kwa mahadhi haya zaidi ya miaka 30 kabla serikali ya kwao kusimama. Zambia waliyachukua mwaka 1964 wakayapa maneno yao. Zimbabwe waliimba tangu mwaka 1980 hadi 1994, kisha wakatunga wao. Namibia nao walianza nayo uhuru wao mwaka 1990. Katika nchi hizi zote, mwizi ni nani?

Hapo husikia jibu la wajuaji: Mandela alimpa Nyerere wimbo kama zawadi. Mandela alifika Tanganyika Januari 1962. Bendera ilikuwa imeshapanda mwezi mmoja nyuma, na wimbo umeshaimbwa. Na kwa wale wanaopenda kuzungumza kama mawakili: sheria yetu ya hakimiliki humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, haki ya Sontonga ingekwisha mwaka 1955. Tafadhali lifungeni hilo faili.

Lakini hata tarehe hizi si kiini cha ugomvi wangu. Ugomvi wangu ni na imani iliyo chini yake: kwamba wimbo ni kama shamba la minazi, lazima pawe na mwenye hati mmoja, na kila mwingine anayeonekana ndani yake ni mvamizi. Imani hii inashangaza ikitoka kwa watu wa pwani, maana sisi ndio tuliotenganisha kwa majina, tangu enzi za mababu, kitu kiitwacho maneno na kitu kiitwacho mahadhi. Malenga hutunga maneno. Mahadhi huyachukua yalipo. Mfungo Sita ukifika, Mafia nzima inasoma Barzanji, kazi ya mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18. Sikiliza inavyosomwa kijiji hiki, kisha vuka uende kijiji kingine usikilize tena. Maandishi ni yale yale, sauti zimepishana, na sijapata kumsikia mzee aliyesimama katikati ya kisomo kuuliza nani kamwibia nani. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa bingwa wa sanaa ambayo tangu mwanzo ilipokea mahadhi kutoka Misri na India na kuyavalisha Kiswahili. Tunamwita mama wa taarabu, na ndivyo inavyostahili.

Anayedhani huu ni udhaifu wa nchi maskini aende Marekani. Usiku wa Septemba 1814, Francis Scott Key alikuwa akiangalia manowari za Waingereza zikipiga mizinga ngome ya Baltimore. Asubuhi bendera ya nchi yake ilikuwa bado inapepea, akaandika shairi. Shairi hilo likaimbwa kwa mahadhi ya John Stafford Smith, Mwingereza, yaliyotungwa kwa ajili ya klabu ya mabwana wa London waliopenda kula, kunywa na kuimba. Wimbo wa kujivunia kumshinda Mwingereza, kwa sauti ya Mwingereza! Mwaka 1931 Wamarekani wakaupitisha kwa sheria uwe wimbo wao wa taifa, na wanaposimama kuuimba huweka mkono kifuani.

Kabla ya hapo, mwaka 1831, Samuel Francis Smith alikuwa ameshaandika wimbo mwingine wa kuipenda Marekani, akaupachika kwenye mahadhi ya wimbo wa mfalme wa Uingereza. Mahadhi hayo hayo yanaimbwa mpaka leo Liechtenstein kama wimbo wa taifa, kwa hiyo England ilipokutana na Liechtenstein mwaka 2003 kutafuta kufuzu Euro, mambo yalikuwa kama yetu na Zambia.

Na hapa Mafia imo. Wajerumani waliitawala Mafia kuanzia mwaka 1890, na wimbo wa Kaisari wao ulikuwa wa mahadhi hayo hayo ya mfalme wa Uingereza. Januari 1915 Waingereza wakashuka kisiwani, Wajerumani wakasalimu amri, na Mafia ikawa kituo cha ndege zilizosaidia kuimaliza manowari ya Kijerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji Julai mwaka huo. Bendera ilibadilika, lugha ya amri ikabadilika. Mahadhi ya kumtukuza mfalme hayakubadilika hata nukta moja. Mataifa mawili yalikuwa yakiuana mbele ya macho ya babu zetu huku kila moja likimwombea mfalme wake kwa sauti ile ile. Ningependa wanaopiga kelele za wizi wakae na jambo hili japo kwa dakika tano.

Mwezi huo huo wa Januari 1915, mbali sana na hapa, Ralph Chaplin alimaliza Chicago wimbo wa mshikamano wa wafanyakazi. Ndio huo unaoimbwa Mei Mosi kwetu, watu wakiwa wameshikana mikono. Kila mwaka lazima mtu aniulize: si wa kanisa ule? Mahadhi yake yalianza kwenye mikutano ya injili ya Marekani katika miaka ya 1850. Mwaka 1861 askari waliokuwa ngome ya Warren, Boston, wakayapa maneno juu ya John Brown, mpinga utumwa aliyenyongwa mwaka 1859. Mwisho wa mwaka huo Julia Ward Howe akayaandikia shairi la vita na imani, likachapishwa Februari 1862. Kisha ndiyo Chaplin na wafanyakazi wake. Basi ni wa nani? Wa waumini, wa askari, wa wapinga utumwa, wa wafanyakazi, na wa mwalimu wa Kilindoni anayedai kupandishwa daraja. Kila kundi liliweka shida yake katika maneno, na maneno ndiyo yanayotueleza walikuwa nani.

Imani hii ya hati moja haiishii kwenye maneno ya banda umiza. Niliwahi kukaa kwenye jopo la mashindano ya ngoma, wapi na mwaka gani sisemi, ambapo kundi la akina mama lilinyimwa alama kwa sababu mwamuzi mmoja alishawahi kusikia sauti ya wimbo wao Kilwa. "Si wa asili," akasema. Asili ipi? Majahazi yalipita kati ya Mafia, Kilwa na Rufiji karne kwa karne, na mabaharia walikuwa na vinywa. Wimbo wa pwani usiofanana na chochote cha jirani ndio ungenitia shaka. Akina mama wale walirudi kwao wakiamini kuwa walichorithi kwa bibi zao ni mali ya magendo, na sina hakika kama wamewafundisha binti zao. Bado linaniuma.

Kuna kazi ya kufanya, na hii hapa kwa haraka. Simu yako inarekodi. Irekodi ngoma nzima pamoja na vigoma na vigelegele, si ubeti mmoja uliopendeza. Usimsahihishe mwimbaji. Neno usilolijua liandike kama lilivyotamkwa, umuulize baadaye. Andika jina lake kwa ridhaa yake, kijiji, mwaka, shughuli yenyewe (arusi, unyago, kushua chombo Jibondo, kitanga cha mashetani), na nani alimfundisha. Usiulize nani alitunga. Uliza uliusikia wapi mara ya kwanza, na maneno yalikuwa haya haya? Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine ipeleke chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo au chuo cha muziki cha DCMA Zanzibar. Kama kundi lako linatunga maneno mapya juu ya mahadhi ya zamani, yasajilini maneno yenu kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua na kuzilinda sanaa za jadi pia, kwa hiyo msikubali mtu wa studio awaambie za jadi hazina mwenyewe. Walimu, wafundisheni watoto wimbo wa taifa pamoja na safari yake. Ni somo la dakika kumi.

Mwanaanthropolojia Mwingereza, Pat Caplan, alianza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa hiki mwaka 1965 na akarudi mara nyingi. Mengi yanayojulikana duniani juu ya ngoma za Mafia yametoka kwenye madaftari yake. Namshukuru. Lakini yeye alivuka bahari kuja kuuliza, na sisi tunalala nyumba moja na wenye majibu. Kama bibi yako yu hai Kanga, Bweni, Baleni au Jibondo, nenda kamsalimie wiki hii, mwombe aimbe, na uwashe simu.