Kabla hujapakua programu ya kupanga ratiba ya maabara ya tishu kalcha

Vijana wanaozalisha miche ya migomba kwa tishu kalcha wananiuliza sana: tutumie programu gani ya simu kupanga ratiba ya maabara? Wengi wanataka jina tu wakapakue. Tuanze na kazi yenyewe, jina litakuja.

Kila wiki 3 hadi 4 unafungua chupa, unagawa vichipukizi, unavihamishia kwenye chakula kipya. Ukichelewa, chakula kinaisha, miche inakuwa myeusi na kudumaa. Hilo utaliona kwa macho. Usiloliona ni idadi ya migawo. Kadiri unavyogawa mara nyingi ndivyo uwezekano wa miche kubadilika tabia unavyopanda, ndiyo maana maabara nyingi huishia mgawo wa 8 au wa 10, kisha huanza upya na chipukizi kutoka shina mama. Mche uliobadilika ukiwa chupani unaweza kufanana kabisa na wenzake. Mkulima anakuja kugundua shambani, pengine mwaka umepita, mgomba umebaki mbilikimo au mkungu haueleweki. Hapo pesa yake imeshakwenda, na jina lako nalo limekwenda.

Kwa hiyo programu inayopiga kengele tu haitoshi. Inatakiwa ikuambie kundi hili ni la aina gani, limetoka shina mama lipi, na liko mgawo wa ngapi.

Chukua Google Calendar. Ni rahisi na wengi mnayo. Lakini ukiiambia ikukumbushe kila baada ya siku 28, inashika tarehe ile ile ya mwanzo. Umeme umekatika, mmegawa siku 5 baadaye, yenyewe haina habari. Usipoisogeza kwa mkono, baada ya miezi mitatu kalenda inasema lake na chupa zinasema lake.

Kwa maabara ndogo mimi napendekeza Google Sheets. Kila kundi mstari wake: namba ya kundi, aina, shina mama, namba ya mgawo, tarehe mliyogawa kweli, idadi ya chupa, na zilizoingia ukungu au bakteria. Tarehe ikiwa kwenye B2, seli ya tarehe ijayo andika =B2+28, itajihesabia. Mgawo ukifanyika, ongeza mstari mpya, usifute wa zamani, maana historia ndiyo mali. Ruhusu faili lifunguke bila intaneti na mshirikishe mwenzako mmoja, isije ratiba yote ikasafiri na simu ya mtu aliyekwenda msibani.

Programu kubwa za maabara kama Benchling ni nzuri, ila zinategemea intaneti na zimebeba mambo mengi ambayo mzalishaji wa migomba hayahitaji. Ya kulipia msiikimbilie. Ijaribuni kwa rafu moja mpaka ipite migawo miwili, na muulize mapema kama mnaweza kutoa kumbukumbu zenu mkiamua kuhama. Kama jibu ni hapana, achana nayo.

Halafu ratiba ihesabiwe kinyumenyume. Mkulima anataka kupanda mwanzoni mwa Machi, masika yakianza. Ondoa miezi 2 ya kitalu, wiki 3 za kuzoesha miche kwenye unyevu, na mwezi 1 wa kuotesha mizizi. Unaangukia karibu na katikati ya Novemba: hapo ndipo kugawa kunakoma. Programu ambayo haikuonyeshi Novemba ukiwa bado Juni haijakusaidia.

Jambo dogo lakini linaharibu: simu isiingie kwenye kabati la kuhamishia. Umeshajisafisha kwa spiriti ya asilimia 70, halafu unagusa kioo cha simu! Mmoja agawe, mwingine aandike. Na kila chupa ibaki na maandishi ya kalamu isiyofutika, namba ya kundi na ya mgawo, kwa sababu chaji huisha.