Lori Linalochemsha Mlimani: Ikaguliwe Klachi ya Feni

Msimu wa kukusanya mazao ndio msimu ambao lori la chama hubeba shehena nzito kuliko nyakati nyingine, na ndipo ugonjwa wa kuchemsha hujitokeza. Dereva hutoa taarifa kwamba gari huchemsha lipandapo milima kama Kitonga au Sekenke, lakini hupoa lifikapo tambarare. Taarifa hiyo isipuuzwe, wala halmashauri isikimbilie kuidhinisha ununuzi wa rejeta mpya. Maji na mkanda wa feni vikiwa sawa, ikaguliwe klachi ya feni.

Katika malori mengi ya dizeli feni haikufungwa moja kwa moja, bali imeshikizwa kwa klachi. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni, na mbele pana springi ndogo ya madini ya aina mbili. Hewa itokayo katika rejeta ikiwa moto, springi hufungua vali, mafuta huenea, na feni huzunguka kwa nguvu. Hewa ikipoa, feni huteleza ili injini isipoteze nguvu na dizeli bure. Penye tambarare mwendo wa gari huleta upepo wa kutosha. Penye mwinuko, feni ndiyo tegemeo.

Dalili za klachi mbovu ni hizi:

(a) Injini ikiwa moto na imezimwa, feni huzunguka kwa urahisi isukumwapo kwa mkono.

(b) Mafuta yamevuja na kutapakaa kuzunguka klachi.

(c) Feni inachezacheza mbele na nyuma kupita kiasi.

(d) Feni inavuma wakati wote, hata injini ikiwa baridi. Hapo klachi imeganda, na dizeli inapotea.

Kabla ya ukaguzi wowote injini izimwe na ufunguo uwe mikononi mwa fundi. Kifuniko cha rejeta kamwe kisifunguliwe maji yakiwa moto.

Kazi ya kubadilisha ifanywe injini ikiwa baridi na waya wa betri umeondolewa. Fundi alegeze kava izungukayo feni, kisha afungue bolti, au nati kubwa iliyo kwenye pampu ya maji. Katika injini nyingi nati hiyo hufunguka kinyume cha kawaida. Asome kwanza kitabu cha gari, asije akavunja pampu. Panga la feni lenye ufa lisichomelewe, bali feni ibadilishwe. Pampu na mkanda vikaguliwe wakati huo huo. Klachi mpya isilazwe kifudifudi stoo, bali isimamishwe kama ikaavyo kwenye injini, mafuta yasivuje. Kava irudishwe mahali pake, kwani bila hiyo feni huzungusha hewa ile ile ya moto.

Ziko njia za mkato ambazo chama kisiziruhusu. Kuifunga klachi kwa bolti au kuichomelea huifanya feni izunguke daima, ikala dizeli na kuchosha pampu. Kuondoa thamostati huifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi mno na kuchakaa mapema. Njia hizo huficha ugonjwa, hazitibu.

Injini iliyochemsha mara kwa mara huunguza gasketi na kupinda silinda hedi. Gharama yake hukatwa katika fedha za wanachama, na mazao hubaki ghalani yakisubiri usafiri. Kwa hiyo inafaa katibu aweke daftari la lori, na dereva aandike humo kila siku gari lilipochemsha, mahali, na uzito wa shehena. Akienda kununua klachi, achukue ile ya zamani pamoja na namba ya injini, kwani klachi zinazofanana kwa sura huenda zisilingane kwa kazi. Ukaguzi huo ukamilishwe kabla ya msimu kuanza, wala si baada ya lori kukwama njiani.