Hakuna Namba Inayovuka

"Mwalimu, namba ikivuka upande wa pili inakuwa chanya au hasi?" Safari hii aliyeuliza ni mzazi anayemsaidia mwanawe kazi ya nyumbani. Jibu langu ni lile lile: haivuki. Robert Recorde alipoichapisha alama ya = mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba ili ionyeshe kulingana. Hakuchora daraja.

Kanuni ya "vusha, geuza alama" inapendwa kwa sababu x + 5 = 12 huitii. Sasa mpe mtoto 3x = 12. Mmoja ataivusha 3 na kuandika x = 12 − 3, apate 9. Mwenzake ataandika x = 12 ÷ (−3), apate −4. Wote wameifuata kanuni, na wote wamekosa. Hapo mtu huongeza kiraka: "Inayozidisha ikivuka inagawanya." Haya, tufike kwenye sin x = ½. Mwanafunzi anaivusha sin nayo: x = ½ ÷ sin. Sini ya nini? Sini bila pembe si namba. Kugawanya kwayo ni upuuzi sawa na kugawanya kwa alama ya kujumlisha. Huyu si mzembe, anatumia alichofundishwa.

Ukweli ni mfupi: kitendo kimoja, pande zote mbili. Kwenye x + 5 = 12, toa 5 kushoto, toa 5 kulia. Ile 5 haikwenda popote. Imefutika kushoto, na kulia 12 imebaki 7.

Mengine ni haya. Fungua mabano kwanza. Kusanya x upande mmoja. Andika kitendo pembeni mwa kila mstari. Mfano, 5x − 4 = 2x + 11: toa 2x, 3x − 4 = 11; jumlisha 4, 3x = 15; gawanya kwa 3, x = 5. Hakiki: 21 na 21. Kwa sin x = ½, tafuta pembe yenye sini ya nusu: 30°, na pia 150° ikiwa swali linafika 180°. Kikokotoo kikikupa 0.5236, kiko kwenye radiani. Kirudishe kwenye nyuzi.

Mzazi, usimuulize mtoto namba imekwenda wapi. Muulize kila mstari: umefanya nini pande zote mbili? Asipokuwa na jibu, mstari huo ufutwe.