Maisha ya chumba kimoja (2): Kipimo cha boriti

Wiki iliyopita tuliona namna nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilivyoingia mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na familia kadhaa zikaishi katika nyumba iliyokuwa ya mtu mmoja. Leo tukitazame chumba chenyewe.

Mgeni hushangaa: nyumba kubwa, vyumba vyembamba. Sababu ni boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, nayo huelemewa na mawe na chokaa upana ukizidi mita 3 hivi. Hata tajiri aliyetaka ukumbi wa fahari aliweza kuurefusha tu, si kuupanua.

Mafundi waliufidia wembamba huo kwa mambo matatu. La kwanza ni ukuta. Kwa unene wa sentimita 50 au zaidi, ukuta wa matumbawe una nafasi ndani yake, ndiyo maana ukatiwa mashubaka ya taa, misahafu na vyombo. Leo utakuta humo chupa ya chai imekaa pamoja na simu inayochajiwa. Kinachoingia ukutani hakikanyagwi na mtu. La pili ni kimo: dari iko juu, joto hupanda huko, na samadari yenye miguu mirefu huacha uvungu wa kutosha masanduku na gunia la mchele. La tatu ni ua wa ndani na baraza ya nje. Wanawake hupika na kufua uani, wanaume huzungumza barazani, chumba kikabaki cha kulala na kuhifadhi.

Kwa hivyo mwenye chumba cha namna hii asikimbilie kukigawa kwa matofali. Ukuta mpya ghorofani ni mzigo juu ya boriti, tena huziba upepo unaopita dirisha hadi mlango. Pazia zito latosha kumsitiri aliyelala, na asubuhi hukunjwa.

Jambo la kuogopwa zaidi ni maji. Familia zilipoongezeka, vyoo na mabafu viliwekwa ghorofani, mahali ambapo sakafu haikukusudiwa kurowa. Maji hujipenyeza hadi kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, zikaoza pasipo kuonekana, mpaka siku dari inaposhuka. Saruji nayo huzidisha balaa: ukuta wa chokaa hupumua, ukipakwa saruji unyevu hufungiwa ndani. Ukarabati ufanywe kwa chokaa, na kabla ya kubadili chochote upatikane ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985 kwa kazi hiyo.

Jirani wa juu na wa chini wanategemea boriti zilezile. Fedha za kuziba bomba linalovuja zichangwe na nyumba nzima, kwani kuibomoa dari na kuijenga upya ni gharama asiyoimudu mpangaji yeyote peke yake.

Wiki ijayo tutavuka Darajani, tuingie fleti za Michenzani.