Usipake Usichokijua: Viungo vya Krimu za Kung'arisha Ngozi

Msimu wa harusi ukikaribia, maduka ya vipodozi hapa Mombasa, kuanzia Bondeni hadi Barabara ya Biashara, hujaa wanunuzi. Sisi wa maduka ya dawa nasi huulizwa swali lile lile: "Krimu gani itanitakatisha kabla ya harusi?" Mara nyingi muulizaji huongeza sharti kwamba iwe ya asili, isiwe na kemikali. Naliheshimu sharti hilo, maana anayelitoa anaihofia ngozi yake. Lakini halimkingi na madhara. Zebaki ni ya asili, huchimbwa ardhini. Ndimu ni ya asili, na huunguza. La kuuliza ni hili: ndani ya kopo mna nini, kiasi gani, na kinafanya nini kikishaingia ngozini?

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Mweusi na mweupe wana seli hizi kwa idadi inayokaribiana. Wanachotofautiana ni wingi na aina ya melanini yenyewe. Kazi ya kuitengeneza huanzishwa na kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, ambacho hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Melanini ikishaiva hupitishwa kwa seli jirani, ikatanda juu ya kiini cha kila seli mithili ya mwavuli, ili mionzi ya jua isiharibu vinasaba. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na jua la hapa ni kali mwaka mzima. Ndugu zetu wenye ualbino wanajua kwa uchungu gharama ya kuishi chini yake bila kinga hiyo, kwani saratani ya ngozi huwaandama tangu ujanani.

Katika makopo yanayouzwa kwa siri, viungo vitatu ndivyo vya kuogopwa zaidi.

Cha kwanza ni zebaki. Huiondolea tairosinasi shaba yake, na kazi ya melanini ikasimama. Tatizo ni kwamba zebaki haibaki ngozini. Huingia kwenye damu na kujikusanya katika figo. Jambo hili lilithibitishwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa maradhi ya figo, na 32 kati yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki pia hudhuru mishipa ya fahamu na humfikia mtoto aliye tumboni. Mvuke wake na mabaki yake kwenye taulo na mashuka huwafikia hata watoto wasiopakwa chochote. Ipo dalili moja ambayo mwanamke wa Pwani hataikosa: maelezo yakikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu au fedha, irudishe dukani, kwa sababu zebaki hushikana na madini hayo na kuyaharibu.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii ni dawa halali mkononi mwa daktari wa ngozi, kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, kwa miezi michache, kwa ajili ya mabaka sugu. Ikitumiwa miaka bila usimamizi, huleta kinyume cha kilichotafutwa. Mashavu na paji la uso hutokwa na madoa meusi yenye ubuluu, na ngozi ikawa na vipele vigumu. Ugonjwa huu, okronosisi, ulielezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi. Kuuondoa ni kazi ngumu mno. Masikitiko ni kwamba mtu akiona weusi unaongezeka, huzidisha krimu ile ile iliyouleta.

Cha tatu ni steroidi kali, hasa klobetasoli na betamethasoni. Hizi hupendwa kwa sababu matokeo yake ni ya haraka. Hubana mishipa midogo ya damu, ngozi ikapauka. Hutuliza chunusi na wekundu, uso ukaonekana laini. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, michirizi ikatokea mapajani na kwapani. Katika joto na unyevu wetu, fangasi hupata mwanya wa kuenea. Steroidi ikifyonzwa kwa wingi hupandisha sukari na shinikizo la damu, na mwili husahau kutengeneza homoni yake yenyewe.

Viko viungo vya upole zaidi, na vingine chanzo chake ni mimea au viumbe hai. Asidi ya azelaiki hupatikana katika ngano na shayiri. Hupunguza mabaka na chunusi, na madaktari huiruhusu hata kwa wajawazito. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, huzuia melanini isipitishwe kwa seli jirani. Asidi ya kojiki hutoka kwa kuvu wanaotumika Japani kuchachusha mchele, nayo hukamata shaba ya tairosinasi, ingawa wengine huwawasha. Arbutini hutolewa mimeani, lakini kwa kemia yake ni haidrokwinoni iliyofungwa na sukari, kwa hiyo nayo ina kipimo chake. Vitamini C husaidia, ila joto na mwanga huiharibu haraka, na chupa iliyoanikwa juani mbele ya duka huenda imeshapoteza nguvu.

Sasa tuingie jikoni. Ndimu ikipakwa usoni kisha mtu akatoka juani, kemikali zilizo kwenye ganda na maji yake huungana na mionzi, zikaunguza ngozi na kuacha weusi wa wiki au miezi. Magadi na baking soda huvuruga uchachu wa kawaida wa ngozi, unaoizuia isikauke na isiingiliwe na vijidudu. Singo na liwa wanazosingwa maharusi wetu ni jambo jingine. Husugua na kuondoa seli zilizokufa, na manjano huacha rangi ya dhahabu kwa siku chache. Bi harusi hung'aa, na melanini yake hubaki salama. Hilo ni pambo, na sioni sababu ya kulikataza, mradi asiwe na mzio.

Kipimo rahisi kabisa ni muda. Ngozi hujibadilisha kwa takriban mwezi mzima, na viungo vya upole huhitaji wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Krimu inayokubadilisha ndani ya siku saba ishukiwe kuwa na steroidi au zebaki. Na bila krimu ya kukinga jua hakuna kiungo kitakachodumu. Wenye mabaka wachague ile yenye rangi ya ngozi, kwa sababu hata mwanga wa kawaida huyakoleza.

Sheria ipo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilitangaza mwaka 1998 marufuku ya vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Mwaka 2023, nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia 2025. Lakini hakuna askari atakayesimama mbele ya kioo chako.

Kwa hiyo nawasihi, mama zangu na dada zangu: msinunue kopo lisilo na orodha ya viungo, wala mchanganyiko uliopimwa kwa kijiko dukani. Mkikuta maneno "mercury", "calomel", "hydroquinone" au "clobetasol", liacheni hapo hapo. Aliyekwisha kutumia krimu yenye steroidi kwa miezi asiache ghafla kwa hofu, ila yenye zebaki iachwe mara moja; wala mtu asione haya. Aende kwa daktari na kopo lake mkononi, apimwe figo na shinikizo la damu, aongozwe namna ya kupunguza steroidi taratibu. Na sisi wauzaji tusiuze kwa mtoto wa mwenzetu kile tusichoweza kumpaka wa kwetu.